Sumu Iliyo Dukani na Dhamana ya Aliyeiruhusu

Tarehe 16 Julai, 2013, katika kijiji cha Gandaman, jimbo la Bihar, nchini India, watoto wa shule ya msingi walipakuliwa chakula cha mchana, wali na mchuzi wa soya, ambacho serikali yao huwapa bila ya malipo ili njaa isiwe kizuizi cha elimu. Na kabla ya siku ile kuisha wengi wao walikuwa hoi, wakitapika na kujinyonganyonga kwa maumivu ya tumbo, wakipakiwa katika vyombo vyovyote vilivyopatikana ili wakimbizwe hospitali. Watoto 23 walifariki dunia. Wataalamu walipoyachunguza mafuta yaliyopikiwa chakula kile waliyakuta yamechanganyika na monokrotofosi, dawa ya kuulia wadudu wa mashambani, na maelezo yaliyokubaliwa na wengi ni kwamba mafuta yalitiwa katika chombo ambacho zamani kilitumika kuhifadhia dawa hiyo. Mwalimu mkuu wa shule alishitakiwa, akahukumiwa kifungo.

Sina neno la kumtetea aliyeyatia mafuta katika chombo kile, na mahakama ilikuwa na haki ya kumhoji. Lakini lipo swali jingine ambalo mahakama haikuulizwa: yawaje kitu ambacho mabaki yake ndani ya chombo yaweza kuua watoto 23 kwa mlo mmoja, kiuzwe kwa fedha kidogo katika vijiji ambavyo nyumba zake aghalabu hazina kabati lenye kufuli, wala ghala iliyotengwa na jiko, wala maji ya kutosha ya kusuuzia? Rai yangu, ambayo nitajitahidi kuithibitisha, ni kwamba kosa la kwanza lilitendeka mbali na jiko la shule, siku ile karatasi ya ruhusa ilipotiwa sahihi; na kwamba sisi wa Afrika ya Mashariki, ambao mashamba yetu, maduka yetu na majiko yetu yanafanana sana na ya Bihar, tumeshughulika mno na kumwonya mkulima hata tumesahau kumwuliza aliyeruhusu.

Ili tuhukumu kwa insafu ni lazima kwanza tujue ukali wa sumu hupimwaje. Elimu hii ina msingi mkongwe, ambao hunasibishwa na Paracelsus, tabibu wa Ulaya wa karne ya 16, nao ni kwamba hakuna kitu kisichoweza kudhuru, na kipimo ndicho kinachopambanua baina ya kitu kinachofaa na kitu kinachoua. Hata chumvi ya mchuzini, ikiliwa kupita kiasi, huua. Mnamo 1927 Mwingereza J. W. Trevan alileta njia ya kuzilinganisha sumu kwa tarakimu: wanyama wa maabara, aghalabu panya, hupewa sumu kwa vipimo mbalimbali, na kile kipimo kinachoua nusu yao huandikwa kwa miligramu kwa kila kilo ya uzito wa mwili, hivi kwamba tarakimu ikiwa ndogo, sumu ni kali. Kwa mizani hiyo Shirika la Afya Duniani limeyagawa madaraja yake. Daraja la Ia ni la sumu ambazo chini ya miligramu 5 kwa kilo, zikipita kinywani, huua nusu ya panya. Daraja la Ib ni la miligramu 5 mpaka 50. Daraja la II huanzia 50 likafika 2,000. Na III ni la zile zinazohitaji zaidi ya hapo. Karbofurani ina tarakimu 8. DDT, ambayo jina lake peke yake hutisha watu, ina 113. Malathioni, ambayo wakulima wengi wameizoea kwa kuhifadhi nafaka, ina kama 2,100. Mtu mzima wa kilo 60, ikiwa mwili wake ungekuwa kama wa panya, angekuwa katika hatari ya kufa kwa sumu ya daraja la Ia isiyofika theluthi ya gramu moja.

Madaraja hayo ndiyo yanayotangazwa na ule ukanda wa rangi ulio chini ya lebo: mwekundu kwa Ia na Ib, wa manjano kwa II, wa buluu kwa III, na wa kijani kwa zile ambazo, zikitumiwa kama ilivyoelezwa, hazitazamiwi kuleta madhara makali ya papo hapo. Mtu asiyejua kusoma aweza kuonywa na rangi, na hilo ni jambo jema. Ila mizani hii ina kasoro ambazo msomaji anapaswa kuzijua, maana ni mizani ya panya, ya kipimo cha mara moja, na ya kifo cha haraka. Haisemi neno juu ya sumu inayoingia kidogo kidogo kwa miaka 20, wala haisemi iwapo tabibu ana dawa ya kumwokoa aliyekwisha kudhurika. Tazama parakwati, dawa ya kuchoma magugu. Tarakimu yake ni kama 150, kwa hiyo imo daraja la II, na ukanda wake ni wa manjano; ilhali kiasi kidogo chake kikimezwa huenda moja kwa moja mapafuni, kikayakausha na kuyafanya magumu kwa siku au majuma kadhaa, na mgonjwa hubaki na akili zake timamu akitambua kwamba pumzi inampungukia, wala hakuna dawa ya kuiondolea sumu hiyo nguvu. Mizani inayoiweka parakwati katika rangi ya manjano haitoshi kuwa hakimu wa mwisho.

Nitakaa kidogo juu ya namna sumu zilizo kali zaidi zinavyofanya kazi, kwa kuwa mtu akishaielewa hawezi tena kusema kwamba ameizoea. Unapotaka kuinua mkono, mshipa wa fahamu humwaga kwenye ncha yake kemikali iitwayo asetilikolini, ambayo huuamuru msuli ujikaze. Na mara amri ikishatekelezwa, kimeng'enya kiitwacho asetilikolinesterasi huifuta, ili msuli upate kulegea na kungojea amri nyingine. Sumu za jamii ya oganofosfeti, ambazo monokrotofosi ni mmojawapo wa watoto wao, hukishika kile kimeng'enya na kukizuia kisifanye kazi. Amri hazifutwi. Jasho humtoka mgonjwa, mate humjaa kinywani, machozi humdondoka, mboni za macho hujifinya zikawa kama ncha ya sindano, kifua hujaa makohozi, tumbo humkata, mkojo humponyoka. Kisha misuli huanza kutetemeka yenyewe, na mwishowe ile misuli ya kuvutia pumzi huchoka na kusimama. Jamii hii ina nasaba ya vita: mwaka 1936 Mjerumani Gerhard Schrader, akiwa katika utafutaji wa dawa za wadudu, aligundua kemikali ya tabuni, na jeshi la nchi yake likaichukua kuwa silaha ya kuulia watu, kwa kuwa mishipa ya fahamu ya mdudu na ya mwanadamu hutumia amri zile zile.

Jambo ambalo wakulima wetu hawakuelezwa vya kutosha ni la muda. Sumu za jamii ya pili, kabameti, ambazo karbofurani ni mojawapo, hukiachilia kimeng'enya baada ya saa chache; lakini oganofosfeti zaweza kukishika moja kwa moja, na mwili hulazimika kutengeneza kingine kipya, kazi ambayo huchukua majuma. Kijana aliyepiga dawa Jumatatu, akaumwa kichwa kidogo, akalala, akaamka mzima, akapiga tena Alhamisi na tena juma la pili, huona kwamba mwili wake umestahimili. Kumbe akiba yake imekuwa ikipungua kila mara pasipo yeye kuhisi, mpaka siku ya kipimo kile kile cha kila siku akaanguka shambani. Tena dalili za mwanzo, yaani kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, hazina alama ya kuzitenga na malaria au na njaa na jua la mchana, hata mtu hujinunulia vidonge vya malaria akarejea shambani.

Na njia kuu ya sumu kuingia kwa mpiga dawa si pua wala kinywa, kama wengi wanavyodhani wanapojifunga kitambaa usoni, bali ni ngozi. Majaribio yaliyofanywa Marekani zaidi ya miaka 50 iliyopita, kwa kutumia dawa ya parathioni, yalionyesha kwamba ngozi ya mkono chini ya kiwiko hupitisha chini ya sehemu moja ya kumi ya sumu iliyopakwa, ngozi ya kichwa na ya paji la uso hupitisha kama theluthi, na ile ya korodani hupitisha karibu yote. Sasa mtazame mwanamume aliyebeba bomba la lita 15 au 16 mgongoni, mfuniko wake umelegea na mpira wake umechakaa. Dawa humchuruzika kiunoni, ikalowesha suruali, naye huendelea na kazi mpaka bomba liishe kwa sababu hana suruali nyingine aliyokuja nayo, na maji ya kuogea yako mbali. Ataambiwa avae ovaroli, glovu, miwani na gambuti. Ni nasaha njema kwa mtu aliye katika nchi ya baridi. Katika jua la Mwea au la bonde la Kilombero, vazi la mpira humpikia mtu mwili wake, na jasho na joto huifungua ngozi ipokee sumu kwa wepesi zaidi penye upenyo wowote. Na bei ya vazi lenyewe, kwa mwenye robo ekari ya nyanya, huwa ni sehemu kubwa ya faida anayoitazamia.

Haya si mambo ya kukisia. Utafiti uliotolewa mwaka 2007 juu ya wakulima wadogo wa mboga kaskazini mwa Tanzania, ulioongozwa na Vera Ngowi wa taasisi ya utafiti wa viuatilifu ya Arusha, TPRI, ulikuta kwamba wakulima 68 katika kila 100 walisema wamewahi kujisikia wagonjwa baada ya kupiga dawa kwa kawaida yao, na kwamba theluthi moja hivi walikuwa wakichanganya dawa mbili tatu katika bomba moja. Na mwaka 2020 watafiti waliojumlisha taarifa za nchi nyingi walikadiria kwamba kila mwaka watu milioni 385 hudhurika kwa dawa hizi bila ya kukusudia, wengi wao wakiwa wakulima na vibarua, na kwamba 11,000 kati yao hufa. Makadirio haya yalibishaniwa, na ilikuwa haki yabishaniwe, hata mwaka 2024 jarida lililoyachapisha likayatangua. Lakini hata ukiyakata nusu, ukayakata nusu tena, hubaki ugonjwa wa kazi ambao hauna mfano, nao haumo katika mazungumzo yetu ya afya kwa kadiri inayostahili.

Kuhusu madhara ya polepole nitasema kwa hadhari, kwa sababu hapa ndipo wenye pupa hutia chumvi na wenye biashara hutia shaka. Yapo yaliyothibiti. Dawa ya dibromokloropropani, iliyotumika kuua minyoo ya udongoni, iliwafanya wanaume wagumba. Jambo hili lilifichuka mwaka 1977 kwa wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha California, na vibarua wa mashamba ya ndizi ya Amerika ya Kati walipata msiba huo huo. DDT, ambayo Paul Müller alipewa kwa ajili yake Tuzo ya Nobel mwaka 1948, na ambayo imeokoa maisha ya watu wengi kwa kuua mbu wa malaria, haivunjiki upesi. Hujiweka katika mafuta ya mwili, ikapita katika maziwa ya mama hata kwa mtoto, na kwa sababu hiyo, baada ya kitabu cha Rachel Carson cha 1962 juu ya madhara ya dawa hizi kuziamsha nadhari za watu, Marekani iliikataza mashambani mwaka 1972. Klopirifosi, iliyotumika duniani kote kwa miongo mingi, ilikataliwa na Umoja wa Ulaya mwaka 2020 kwa hofu ya kuharibu ubongo wa mtoto tangu akiwa tumboni, na mwaka 2025 nchi za Mkataba wa Stockholm, unaohusu sumu zisizovunjika upesi, zikaitia katika orodha ya kuondolewa, pamoja na ruhusa za muda kwa baadhi ya matumizi. Yapo pia yasiyokatika hukumu yake: glifoseti, mathalan, iliitwa mwaka 2015 na wakala wa saratani wa Shirika la Afya Duniani kuwa yamkini huleta saratani, na mamlaka za dawa za Ulaya na Marekani zikakataa hukumu hiyo. Mimi sitaki kumtisha mlaji wa sukumawiki kwa jambo ambalo wanazuoni hawajakubaliana juu yake. Aioshe mboga yake kwa maji yanayotiririka, akijua kwamba sehemu ya dawa iliyo juu ya jani itaondoka na ile iliyonywewa na mmea ndani haitaondoka. Na huyo anayechuma nyanya kesho yake baada ya kupiga dawa, kabla ya siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo kutimia, ajue kwamba anamlisha jirani kitu ambacho yeye mwenyewe asingekila.

Narudi katika shina la hoja yangu, nami nitaushika mfano wa Sri Lanka, kwa kuwa nchi ile, ya wakulima wadogo wa mpunga, imetupatia ushahidi ulio bayana kuliko hotuba zote. Mwaka 1995 watu 47 katika kila 100,000 walijiua huko, idadi iliyokuwa miongoni mwa kubwa kabisa duniani, na wengi wao kwa dawa za shambani zilizokuwa nyumbani, katika saa moja ya hasira au ya huzuni ambayo, lau ingewapita, wangaliishi. Mwaka huo huo serikali ilizikataza monokrotofosi na methamidofosi, na mwaka 1998 ikaikataza endosulfani. Haikuwezekana kuondoa huzuni mioyoni mwa watu, wala ugomvi majumbani, wala deni la mkulima. Kilichoondolewa ni ile sumu iliyokuwa haimpi tabibu nafasi. Ilipofika 2005 vifo vile vilikuwa vimepungua kwa nusu, na watafiti walipolinganisha miaka kumi ya kabla na miaka kumi ya baada waliona kwamba karibu watu 20,000 zaidi wamebaki hai. Baadaye, kati ya 2008 na 2011, parakwati nayo iliondolewa hatua kwa hatua pamoja na dimethoeti na fenthioni, na vifo vikazidi kupungua. Mavuno ya mpunga hayakuanguka kwa sababu ya makatazo hayo.

Naomba msomaji aziweke tarehe hizo kando ya tarehe ya Gandaman. Sumu iliyoua watoto wa Bihar mwaka 2013 ilikuwa imekwisha kukatazwa miaka 18 nyuma katika nchi jirani, na faida ya kukatazwa kwake ilikuwa imekwisha kupimwa na kuandikwa. Maarifa yalikuwapo, kilichokosekana ni mtu mwenye mamlaka wa kuyafanyia kazi.

Najua nitakayojibiwa. Wa kwanza atasema kwamba bila ya dawa wadudu watatula sisi, na kwamba anayeandika makala mjini hajawahi kuona mdudu kantangaze akimaliza shamba la nyanya kwa majuma machache, wala viwavijeshi wakiingia katika mahindi. Hoja hii ina uzito, na siidharau. Ni Sri Lanka hiyo hiyo ambayo mwaka 2021, kwa amri ya ghafla, ilikataza kuingizwa nchini mbolea zote za viwandani na dawa zote za mashamba, na mpunga ukapungua vibaya, na kabla ya mwaka kwisha serikali ikalazimika kuirudisha nyuma amri yake. Nchi moja imetufundisha masomo mawili: kwamba kuchagua sumu zilizo mbaya kupita nyingine na kuziondoa kwa mpango, huku mkulima akipewa badala yake, huokoa maelfu bila ya kumpunguzia mtu kibaba, na kwamba kufagia kila kitu kwa siku moja ni kumnyang'anya maskini riziki yake. Mimi naomba la kwanza, nalikataa la pili kwa nguvu ile ile.

Wa pili atasema kwamba dawa haina kosa, kosa ni la mtumiaji asiyesoma lebo. Huyu ndiye ninayemwogopa zaidi, maana maneno yake yana sura ya hekima na hayamgharimu kitu. Lebo yenyewe aghalabu huandikwa kwa herufi ndogo ambazo macho ya mzee hayazioni, na kwa lugha ya kemia ambayo hata mwalimu wa shule huitafuta katika kamusi. Lakini hata ingeandikwa kwa herufi kubwa na kwa Kiswahili fasaha, haimfikii mtu anayenunua dawa iliyogawanywa kwa vifuniko na kutiwa katika chupa ya soda, kwa sababu hana fedha ya kununua lita nzima. Ulaya, ambako mkulima amesoma, ana mavazi, ana trekta lenye chumba kilichofungwa na ana hospitali karibu, haikuridhika na lebo: parakwati imekatazwa katika mashamba ya Umoja wa Ulaya tangu 2007. Na baada ya hapo iliendelea kutengenezwa Uingereza na kupakiwa melini kwenda katika nchi ambazo mkulima wake hana hata kimoja cha vitu hivyo. Ikiwa dawa ni hatari mno kwa aliye na kinga zote, sioni ni kwa mantiki gani imekuwa salama kwa asiye na kinga yoyote.

Wala Afrika ya Mashariki haikukosa maonyo yake yenyewe. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya uliyafunga masoko yake kwa samaki wa Ziwa Viktoria, kutoka Uganda, Kenya na Tanzania, baada ya kujulikana kwamba baadhi ya wavuvi walikuwa wakimwaga sumu za mashambani majini ili samaki waelee. Viwanda vya sangara vikasimama na wavuvi waliovua kwa nyavu zao kwa halali wakaadhibiwa pamoja na wakosaji. Huko Vikuge, karibu na Kibaha nchini Tanzania, dawa kuukuu zilizoletwa kama msaada kutoka Ugiriki mwaka 1986, nyingine zikiwa zimekwisha muda wake, zilirundikwa katika banda ambalo baada ya miaka michache liliporomoka, na udongo wa mahali pale ukabaki na DDT kwa miaka mingi. Nchini Kenya karbofurani, iliyoingizwa kwa ajili ya wadudu wa udongoni, iligeuzwa chambo cha kuulia simba, hata mwaka 2009 mtengenezaji wake akaiondoa katika soko la nchi hiyo. Na leo hii, katika mitaa ya Dar es Salaam na Nairobi, wachuuzi hupita na vipaza sauti wakinadi dawa ya panya, mende na kunguni katika vipakiti na vichupa ambavyo mara nyingi havina jina la sumu iliyomo, wakiuza miongoni mwa peremende na vitana, na mtoto wa miaka saba aweza kununua.

Vyombo vya sheria tunavyo. Kenya ina bodi yake ya kusimamia dawa za wadudu kwa sheria ya 1982; Tanzania, kwa sheria ya 2020, imeunda mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, ambayo imerithi kazi ya ile taasisi ya Arusha; na Mkataba wa Rotterdam wa 1998 umeipa nchi mwanachama haki ya kuarifiwa na kukataa kabla ya shehena za sumu zilizomo katika orodha yake kufika bandarini. Ninachokiomba kwa wenye vyombo hivyo ni kwamba kila sumu ya daraja la Ia na la Ib, na parakwati pamoja nazo, ihesabiwe kuwa imekataliwa mpaka mwenye kuiuza athibitishe mbele ya umma kwamba hakuna badala yake, ilhali mpaka sasa mzigo wa kuthibitisha madhara umekuwa juu ya mgonjwa na jamaa zake. Naomba vibarua wanaopiga dawa katika mashamba makubwa ya maua na mboga wapimwe kimeng'enya chao cha damu kabla ya msimu na wakati wa msimu, na atakayeonekana akiba yake imepungua apewe kazi nyingine kwa mshahara ule ule. Na naomba tuitazame upya pareto yetu. Kenya ilikuwa kwa miaka mingi ikilisha sehemu kubwa ya soko la dunia kwa maua haya meupe, na Tanzania huyalima mpaka leo katika nyanda za Iringa na kwingineko. Dawa yake huvunjika upesi juani na ni nyepesi kwa mwanadamu kuliko hizi ninazozilaumu, ijapokuwa samaki na nyuki hudhurika nayo na kwa hiyo nayo yataka akili. Sisi tumeiuza ng'ambo ikiwa ghafi, tukanunua kwa fedha ile ile sumu zilizo kali.

Limebaki la zahanati, nalo si dogo. Mtu aliyedhuriwa na oganofosfeti aweza kuokolewa kwa atropini, dawa ya zamani na ya bei nafuu, akidungwa na kurudiwa mara nyingi mpaka kifua chake kikauke, huku nguo zake zikivuliwa na mwili wake ukioshwa kwa sabuni na maji mengi. Wala asitapishwe na majirani njiani, kwa kuwa matapishi yaweza kuingia mapafuni. Kila zahanati ya eneo la kilimo yapaswa kuwa na akiba ya atropini inayotosha wagonjwa wawili watatu kwa usiku mmoja, na mganga aliyefundishwa kuzitambua zile mboni zilizojifinya. Lakini kwa mgonjwa wa parakwati atropini haifai kitu, na hata oksijeni, ambayo tabibu angekimbilia kumpa kila anayekosa pumzi, huzidisha uharibifu wa mapafu yake. Kwa hiyo uhai wa mtu huning'inia katika jambo moja, kwamba waliomleta wamekuja na chombo chenye jina la alichokinywa. Sumu iliyomiminwa dukani katika chupa ya soda hufika hospitali haina jina. Muuzaji anayeimimina, awe na leseni au asiwe nayo, afungiwe duka lake na ashitakiwe, na watengenezaji walazimishwe kuleta vipimo vidogo vyenye lebo kamili kwa ajili ya mwenye robo ekari, ili asiwepo mtu wa kusema kwamba mkulima mdogo hakuachiwa njia nyingine.